Aliyepokea Anadaiwa

Kazi ya kupokea bidhaa katika supamaketi haina sifa. Mteja humjua keshia, humjua kijana anayempimia nyama, humjua hata soja wa mlangoni anayekagua risiti. Karani wa risivingi hamjui, kwa sababu mlango wake uko nyuma, upande wa malori. Mimi nilifanya kazi kwenye mlango huo kwa miaka kadhaa, katika duka kubwa moja magharibi mwa Nairobi, nikiondoka Kinoo alfajiri na kurejea jioni. Nimefanya kazi nyingine tangu hapo. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu haki kati ya mtu na mtu niliipata pale, kando ya mizani, kalamu mkononi. Na yote hurudi kwenye jambo moja: anayepokea kitu amekubali kudaiwa.

Kinoo iko kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru, ukishapita Uthiru na kabla hujafika Muthiga. Ni Kaunti ya Kiambu, ingawa wengi wetu tunaoishi kwenye nyumba zake za kupanga tunatafuta riziki Nairobi. Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea supamaketi. Nakumatt ilizaliwa Nakuru kutokana na biashara ya magodoro. Tuskys na Naivas zilianzia Rongai ya Nakuru, mji mdogo ambao wasafiri wengi huupita bila kugeuza shingo. Familia zilizokuwa na maduka ya kawaida kule bondeni zilipanda ukuta wa Bonde la Ufa, zikapita Limuru, zikapita kwetu Kinoo, zikaingia jijini na kuwa majina makubwa. Nilipokuwa nimesimama steji nikingoja matatu ya 105 gizani, malori ya unga, maziwa na mboga yalikuwa yakiteremka upande ule ule niliokuwa nikielekea. Baadhi yake nilikuwa nikiyakuta mlangoni kwangu.

Siku ya risivingi ina mpangilio wake, na bidhaa zenyewe ndizo zinazouamua. Mkate na maziwa huja kwanza, kwa sababu havingoji. Mtu wa mkate anashusha kreti za leo na kuchukua mikate ya jana isiyouzwa, kwa hiyo lazima uhesabu mara mbili, inayoingia na inayotoka, na ukichanganya hesabu hizo mbili mmoja wenu ataumia. Mboga hufuata kabla jua halijapata nguvu. Baada ya hapo ndipo yanapoingia malori mazito ya unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na karatasi za chooni. Soja anaandika nambari ya gari na saa lilipofika. Karani anaomba LPO, ile oda iliyotolewa na ofisi ya ununuzi, na kuhakikisha haijapitwa na tarehe na kwamba kilichoandikwa ndicho kilicho ndani ya gari. Kisha kazi yenyewe inaanza.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa karibu kustaafu. Aliwahi kuifanya katika duka jingine kubwa ambalo lilifunga milango, akaanza upya kwetu akiwa na mvi. Sote tulimwita Mzee, hata meneja. Asubuhi yangu ya kwanza alichukua invoisi niliyokuwa nimeishika, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti lake la kazi.

“Hesabu kwanza,” akaniambia. “Ukimaliza utanieleza umepata ngapi, ndipo nikuonyeshe wao wamesema ngapi.”

“Na zikitofautiana, Mzee?”

“Tutahesabu tena, dereva akiwa amesimama hapa. Jicho likishaona 240 kwenye karatasi litaipata 240 kwenye paleti, hata kama zipo 236. Usilipe jicho lako nafasi ya kumfurahisha mtu.”

Hiyo ndiyo kanuni iliyobeba nyingine zote. Paleti ya katoni inaweza kupangwa ikawa imejaa pande zote nne na tupu katikati. Ukihesabu upana, ukazidisha kwa urefu na kimo, umehesabu hewa. Kwa hiyo tulihamisha katoni moja moja kutoka paleti hadi paleti, hata foleni ya malori ilipofika barabarani. Beli la unga wa mahindi lina paketi 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Mzee alikuwa akiyapandisha mabeli kwenye mizani bila kuyafungua, na lile lililopungukiwa paketi likajitaja lenyewe. Katoni ya mafuta ilipinduliwa, kwa kuwa mwizi mwerevu hufungua chini na kubandika utepe mpya. Kreti za mboga zilipimwa zikiwa tupu kwanza, ili tusilipe uzito wa plastiki. Sukuma wiki iliyoloweshwa maji iliwekwa kando ichuruzike kabla ya kupimwa. Viazi havikupokelewa katika lile gunia lenye kilemba cha wavu ambalo wakulima huliita mukorino, kwa sababu mnunuzi mwenye tamaa hulijaza kupita kiasi na kumlipa mkulima kama gunia moja.

Kulikuwa pia na mambo ya kusoma. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, lazima iwepo. Bakodi lazima iitike kwenye skana, na za bidhaa nyingi zilizosajiliwa Kenya huanza kwa 616. Tarehe ya mwisho wa matumizi inatakiwa kuacha muda wa kutosha wa kuuza, na mtu anayesoma kwa haraka anaweza kuchanganya siku na mwezi akapokea kitu kinachokaribia kuharibika. Nambari ya toleo la bidhaa, ambayo wengi huiruka, Mzee alitaka iandikwe kila mara. “Mali bila daftari hupotea bila habari,” alikuwa akisema. Thamani ya nambari hizo niliiona Novemba 2019, KEBS ilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mahali pasipo na kumbukumbu, mtu hubaki akikisia kilichoingia lini na kimekwenda wapi. Sisi tulifungua daftari, tukajua kilichoko kwenye rafu, kilichoko stoo na kilichokwisha kuuzwa, na kabla ya adhuhuri rafu zile zilikuwa wazi. Watu waliokuwa wakila unga ule walikuwa jirani zangu wa Kinoo. Nilikuwa nikiwakuta kwenye foleni ya maji na kanisani.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani karani wa risivingi ni mlinzi wa mali ya tajiri, mtu wa kushika wezi. Nami nilianza kazi nikidhani hivyo. Mzee alinipeleka mbele zaidi, kwa matendo kuliko kwa maneno.

Kulikuwa na mama mmoja, cucu wa umri wa nyanya yangu, aliyetuletea spinachi na dhania kutoka shambani kwake upande wa Kabete. Siku moja sehemu ya spinachi yake ilikuwa imeanza kugeuka manjano. Katika maduka mengi mboga kama hiyo hupokelewa kimya, kisha jioni inaandikwa kuwa imekataliwa, na mwenyewe anapata habari siku ya malipo anapoona pesa zimekatwa. Mzee hakukubali. Alizitenga zile za manjano mbele yake, akazipima, akaandika uzito uliopokelewa na uzito uliokataliwa, akamrudishia zake mkononi.

“Cucu, hizi siwezi kuzichukua. Ukiwahi soko la Wangige bado utapata wa kuzinunua leo.”

“Asante, kijana wangu,” akasema yule mama, ingawa aliyekuwa akimwita kijana alikuwa mzee mwenyewe. “Ni afadhali nijue sasa.”

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi. Kukataliwa kulimuuma, lakini alikataliwa mchana, mbele ya mizani, kwa sababu aliyoweza kuiona kwa macho yake, na bado akiwa na muda wa kuokoa kilichobaki. Duka lililinda rafu yake na yeye akalindiwa mali yake.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwisho wa mwezi mmoja, wakati ofisi ilikuwa imeagiza maziwa ya mtindi kupita kiasi. Majokofu yalikuwa yamejaa. Lori lilipofika, tuliagizwa lirudishwe, na kwenye hati tuandike kwamba mtindi ulifika ukiwa na joto. Ukirudishwa kwa sababu hiyo, hasara yote inamwangukia mtengenezaji, na jina lake linachafuka pamoja nayo. Mzee alichukua kipimajoto, akakichomeka katikati ya kreti, akasubiri, akamwonyesha meneja.

“Bosi, nimepima. Ni digrii 4. Mimi nitaandika 4. Kama hatuna nafasi, tuandike kwamba hatuna nafasi.”

Palikuwa na ukimya mrefu. Lori lilirudi siku hiyo, lakini lilirudi na karatasi inayosema ukweli: oda ilizidi nafasi ya duka. Kwa karatasi hiyo mtengenezaji aliweza kudai haki yake. Niliona jinsi neno moja la uongo kwenye hati ya risivingi lingeweza kufunga kiwanda kidogo, na jinsi mfanyakazi wa chini asiye na cheo anavyoweza kulizuia kwa kuandika alichokiona.

Kisha ukaja mwaka wa 2017. Ukame ulikuwa umepandisha bei ya unga, na mwezi Mei serikali ikatoa ruzuku ili paketi ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Lori la unga huo lilipoingia kwetu, habari zilitangulia kufika mbele ya duka kabla hatujamaliza kushusha. Tuliuza kwa mgao, paketi chache kwa kila mtu, na hesabu ya risivingi ikawa jambo la amani mtaani, kwa sababu watu walitaka kujua yameingia mabeli mangapi na yamekwenda wapi. Tuliweza kuwaambia.

Mwaka huo huo rafu za Nakumatt zilikuwa zikiachwa tupu mbele ya macho ya nchi nzima. Ilikuwa imefikia matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa 1975 kwa mkono wa serikali, ilikuwa imetangulia kwenye njia hiyo. Ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa mwezi uliofuata, kisha 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Tuskys nayo ilielemewa mwaka wa 2020. Wasomi wa biashara wameeleza sababu nyingi: upanuzi wa haraka, mikopo, usimamizi, ushindani wa maduka ya kigeni kama Carrefour, iliyoingia Kenya 2016. Mimi nilikuwa nikiitazama habari hiyo kutoka mlango wa nyuma, na kutoka pale ilionekana hivi.

Supamaketi huuza maziwa asubuhi na kupata pesa taslimu asubuhi hiyo hiyo. Aliyeleta maziwa hulipwa baada ya siku 30, 60 au 90. Katikati hapo, pesa zake zimelala mikononi mwa duka. Mwenye duka akizihesabu kuwa zake, anaweza kufungua tawi jipya, na tawi hilo likapokea bidhaa nyingine kwa mkopo, na pesa za bidhaa hizo zikafungua jingine. Kutoka nje mtu huona ustawi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku mauzo yanapopungua kidogo, malipo yanachelewa. Msambazaji wa kwanza anaacha kuleta, rafu moja inakuwa tupu, mteja anakwenda kwingine, na mauzo yanapungua zaidi. Kila mzunguko wa namna hiyo ulianza na karani fulani aliyetia saini kwamba mali imefika, kamili na nzima.

Kwetu hali haikufika huko, lakini malipo yalichelewa, na hofu iliwapata wasambazaji wote. Wengine walitaka pesa taslimu kabla ya kushusha hata katoni moja. Asubuhi moja alikuja bwana aliyetuletea mayai kutoka Wangige, soko ambalo nusu ya Nairobi hula mayai yake. Hakuwa na trei hata moja. Alikuwa na furushi la nakala za hati za kupokea bidhaa.

“Kijana, hii si saini yako?”

“Ni yangu, mzee.”

“Mayai yalikuwa mazima?”

“Yalikuwa mazima.”

“Basi nieleze kwa nini kuku wangu wanakula kwa deni.”

Sikuwa na pesa za kumlipa, wala ufunguo wa sefu. Lakini saini ilikuwa yangu, na sikuweza kumwambia aende akaulize ofisini kana kwamba hainihusu. Nilipanda naye hadi kwa wahasibu, nikatoa nakala zetu, tukazilinganisha na zake moja moja. Hakuna hata moja iliyopungua wala kuzidi. Kwa sababu hesabu haikuwa na tundu, hapakuwa na mahali pa kumzungusha. Akaandikiwa ratiba ya malipo, akalipwa kwa awamu hadi deni likaisha. Nilirudi mlangoni kwangu nikiwa nimeelewa kwa nini Mzee alihesabu kwa ukali ule: alikuwa akilinda pande mbili kwa kalamu moja.

Sheria nayo imekaribia mlango ule. Mwaka wa 2019 Sheria ya Ushindani ilirekebishwa ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaotumia nguvu zao vibaya. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kinyume cha makubaliano kumetajwa humo. Kukataa kupokea bidhaa au kuzirudisha bila sababu ya haki kumetajwa pia, na vilevile kumbebesha msambazaji gharama zisizo zake. Mwaka wa 2020 Mamlaka ya Ushindani iliamua kesi kati ya mtengenezaji mdogo wa mtindi, Orchards Limited, na kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, na ikaona kwamba mnunuzi huyo alitumia nguvu zake vibaya. Nilipozisoma habari hizo nilikumbuka kipimajoto cha Mzee. Sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi wa kesi za namna hii huanza kuandikwa risivingi, na mtu anayelipwa mshahara mdogo.

Ndiyo maana ninaamini karani huyo anastahili heshima na ulinzi zaidi ya anavyopewa sasa. Afundishwe sheria inayomhusu. Aelezwe wasambazaji wanapolipwa na wanapocheleweshewa, kwa kuwa yeye ndiye anayewatazama usoni. Akikataa kuandika uongo, asipoteze kazi. Naye msambazaji, awe kampuni au cucu mwenye spinachi, asiondoke mlangoni bila nakala yake yenye idadi, tarehe, saini na muhuri. Karatasi hiyo ndogo ndiyo mali yake mpaka pesa zifike.

Na sisi wengine tusioshusha malori tunapokea pia. Kijana anapokea karo iliyochangwa na mbari nzima. Mweka hazina wa chama anapokea akiba ya wanawake wanaoamka saa tisa usiku kwenda soko la Marikiti. Kamati ya mazishi inapokea michango, na kiongozi anapokea kura. Nimeona chama kikivunjika hapa Kinoo bila mtu yeyote kuiba, kwa sababu tu pesa zilipokewa kwa kicheko na kuaminiana, bila kuhesabiwa mbele ya mtoaji, na baada ya mwaka kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Kuhesabu mbele ya mtu si kumdhania ubaya. Unamwambia kwamba alichokileta kina uzito, na kwamba umekubali mzigo wa kukijibu.

Siku hizi nina duka langu dogo la jumla, ndani kidogo kutoka barabara kuu, linalohudumia vibanda vya mtaa. Mizani ipo mlangoni, pale mleta mali anapoweza kuisoma. Invoisi inabaki kwenye mfuko wa mwenyewe mpaka tumalize kuhesabu. Na kwenye kila hati ninayotia saini nimeongeza mstari ambao haukuwepo kwenye zile za supamaketi, chini kabisa, ninaoujaza kwa kalamu na sijawahi kuuacha wazi: tarehe nitakayolipa.